Njaa ya Ubongo: Uchambuzi wa Maradhi ya Akili Yaletwayo na Ukosefu wa Vitamini na Ulevi wa Kudumu

Kiasi cha tiamini, yaani vitamini B1, ambacho mtu mzima hukihitaji kwa siku ni miligramu moja na sehemu kidogo juu yake, kiasi ambacho mizani ya dukani haiwezi kukipima. Na bado kiasi hicho kikikosekana kwa majuma machache, ubongo wa mtu aliyekuwa mwerevu, mwenye elimu na cheo, huweza kuharibika hata asijue yuko wapi, ni siku gani, wala alikula nini asubuhi. Maradhi hayo yapo katika kila nchi ambayo watu wake hunywa pombe kali bila ya kula, na yapo vile vile mahali ambapo pombe haikufika kabisa, lakini njaa, matapishi ya muda mrefu, au chakula cha namna moja tu vimefika. Aghalabu, hata hivyo, watu huyaona katika mwili wa mlevi, na kwa kuwa huyaona hapo huyahesabu kuwa ni malipo ya ulevi, wakaishia hapo bila ya kuuliza zaidi. Nia ya uchambuzi huu ni kuonyesha kwamba maradhi haya asili yake ni njaa. Kwamba pombe ndiyo njia kubwa ambayo njaa hiyo hupitia, lakini siyo njaa yenyewe. Na kwamba kosa la kuchanganya mambo haya mawili limewapotezea watu wengi akili ambazo zingeweza kuokolewa kwa dawa isiyo ghali.

Mwaka 1881 tabibu wa Kijerumani, Carl Wernicke, alitoa habari za wagonjwa watatu ambao macho yao yalipooza yasiweze kugeuka, miguu yao ikapoteza mizani, na fahamu zao zikavurugika, kisha wote wakafa katika muda wa siku chache. Wawili kati yao walikuwa wanaume waliozama katika pombe. Wa tatu alikuwa msichana mshonaji wa miaka 20, ambaye alikuwa amekunywa asidi ya salfa. Tumbo lake likaungua, njia ya kutolea chakula ikaziba, akawa kila alacho hukitapika. Wernicke alipopasua maiti aliona damu imevuja katika vitone vidogo vidogo ndani ya shina la ubongo na kandokando ya mifereji yake ya maji, akadhani kuwa ni uvimbe wa aina mpya. Hakujua, wala hapakuwa na mtu duniani wakati ule awezaye kujua, kwamba burhani ya sababu yenyewe ilikuwa imelala mbele yake katika mwili wa yule msichana, ambaye hakuwa mlevi na hali alipatwa na yale yale yaliyowapata walevi wawili. Ushahidi huo ulikaa katika vitabu kwa muda wa miaka sitini bila ya kusomwa ipasavyo, kwa kuwa macho ya matabibu yalivutwa na wale wanaume wawili.

Miaka michache baadaye, kuanzia 1887, Sergei Korsakoff wa Moscow alieleza maradhi yaliyoonekana kuwa mengine kabisa. Wagonjwa wake hawakufa haraka. Waliishi, wakazungumza kwa adabu, wakacheza karata na kufanya hesabu, lakini hawakuweza kushika jambo jipya moyoni hata kwa muda wa dakika chache. Wengi walikuwa walevi wenye ganzi na udhaifu wa miguu, lakini wengine walikuwa wanawake waliougua baada ya kuzaa, au watu waliotoka katika homa ndefu ya matumbo. Korsakoff alidhani kuwa sumu fulani ndiyo iliyowashambulia. Baadaye, bongo za wagonjwa wa mabwana hawa wawili zilipolinganishwa, ilidhihirika kwamba majeraha yalikuwa mahali pale pale, ila ya kwanza yalikuwa mabichi na ya pili makovu. Maradhi ya Wernicke ni moto unapowaka, na maradhi ya Korsakoff ni mabaki yake. Ndiyo sababu leo majina haya mawili huandikwa pamoja.

Ili kufahamu moto huo uliwashwa na nini, hapana budi tuondoke Ulaya twende mashariki, kwa watu walao wali. Katika karne ya 19 mashine za kukobolea zilipoenea, mchele mweupe usio na wishwa ulianza kuliwa na askari, mabaharia na wafungwa, na pamoja nao ukaenea uwele uitwao beriberi, ambao hulegeza miguu, huvimbisha mwili na kusimamisha moyo. Mwaka 1882 manowari ya Kijapani Ryujo ilianza safari ndefu ikiwa na watu 376. Katika hao 169 walipatwa na beriberi, na 25 wakafa. Tabibu mkuu Takaki Kanehiro alishauri kwamba meli nyingine, Tsukuba, ipelekwe katika njia ile ile mwaka 1884 ikiwa na nyama, shayiri na maziwa badala ya wali mtupu, na katika safari hiyo hakufa hata mmoja kwa beriberi. Takaki alikosea alipodhani kuwa siri ni wingi wa nyama, lakini hakukosea aliposema kuwa siri iko jikoni.

Huko Java, Christiaan Eijkman wa Uholanzi aliona kuku wa maabara yake wakilegea miguu kama wagonjwa wa beriberi, kisha wakapona ghafla. Alipodadisi aligundua kuwa walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki katika jiko la hospitali ya jeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya aliyekataa kuwapa kuku wa kiraia chakula cha askari. Mrithi wake katika kazi, Gerrit Grijns, mwaka 1901 alitamka jambo ambalo Eijkman mwenyewe hakuliona upesi: kwamba si wali uliokuwa na sumu, bali wishwa lililotupwa lilikuwa na kitu ambacho mishipa ya fahamu haiwezi kukikosa. Mwaka 1926 B. C. P. Jansen na W. F. Donath walikipata kitu hicho kikiwa safi kutoka katika pumba za mpunga, na mwaka 1936 Robert Williams wa Marekani akaweza kukitengeneza maabarani. Tangu mwaka huo, basi, dawa ya maradhi ya Wernicke imekuwa mikononi mwa wanadamu.

Sasa tuulize kwa nini ubongo ndio huumia kwanza. Ubongo wa mtu ni kama sehemu ya hamsini tu ya uzito wa mwili wake, lakini hutumia takriban moja ya tano ya nguvu zote azitumiazo mtu akiwa amepumzika, na nguvu hizo hupatikana kwa kuunguza sukari. Tiamini hujiunga na vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kuipitisha sukari iliyokwisha vunjwa iingie katika hatua za mwisho za kuunguzwa. Isipokuwapo, sukari huweza kuwapo ya kutosha katika damu na bado ubongo ukabaki na njaa, mfano wa taa iliyojaa mafuta bila ya utambi. Bwana Rudolph Peters wa Oxford aliyathibitisha hayo kwa njiwa waliolishwa mchele mweupe mpaka shingo zao zikapinda nyuma: ubongo wao ulipotolewa na kupimwa ulikuwa umeshindwa kuvuta oksijeni ya kutosha, na ulipotiwa tiamini kidogo ndani ya chombo kile kile ukarudi katika kazi yake. Mwaka 1936 alitoa rai kwamba hapo pana jeraha la kikemia linalotangulia jeraha la kuonekana kwa macho. Neno hilo lina maana kubwa kwa tabibu, kwa kuwa jeraha la kikemia hurudi nyuma likiwahiwa, na jeraha la nyama ya ubongo halirudi.

Mwili wa mtu mzima huweka akiba ya tiamini ya miligramu 30 hivi, na akiba hiyo, ikiwa hakiingii kitu, humalizika katika majuma mawili au matatu. Hapa ndipo pombe inapoingia, nayo huingia kwa njia zaidi ya moja. Kwanza, mlevi wa kudumu hupata nguvu zake katika kileo, tumbo likamdanganya kuwa limeshiba, akaacha chakula; na fedha ya chakula aghalabu imekwisha kutumika. Pili, pombe hudhoofisha utumbo usiweze kunyonya tiamini hata ile chache iliyomo katika chakula. Tatu, ini lililochakaa kwa pombe haliwezi kuweka akiba kama inavyostahiki, wala kuigeuza tiamini iwe katika sura ile ambayo vimeng'enya huitaka. Nne, mlevi hupoteza magnesi kwa wingi katika mkojo na kuhara, na bila ya magnesi vimeng'enya hivyo havifanyi kazi hata tiamini ikiwapo. Na juu ya yote, pombe yenyewe ni sumu ya chembe za ubongo, na hudhuru hata mtu anayekula vizuri. Sisemi haya ili kuitakasa. Lakini mtu akizipima hoja hizo nne ataona kwamba zote huishia mahali pamoja, nako ni kukosekana kwa chakula ndani ya ubongo.

Atakayesema kuwa hii ni dhana tu ya vitabuni na atazame habari za Singapore. Mji ule ulipoanguka mikononi mwa Wajapani mwezi wa Februari 1942, makumi ya maelfu ya askari walitiwa kifungoni Changi, wakalishwa wali mweupe na vitu vichache vya kuungia. Pombe haikuwapo. Baada ya majuma kadhaa daktari kijana Hugh de Wardener alianza kuona wagonjwa wenye macho yanayochezacheza, kichefuchefu, kukosa usingizi, na fahamu zilizopotea. Wengi wao walikuwa wametanguliwa na kuhara damu, maradhi ambayo huzidi kuiondoa tiamini mwilini. Yeye na mwenzake Bernard Lennox waliandika habari za wagonjwa 52, wakawapa kadiri walivyoweza tiamini chache iliyokuwapo, wakaona macho na akili vikirudi. Kumbukumbu zao zilifichwa chini ya ardhi zisiangukie mikononi mwa walinzi, zikafukuliwa baada ya vita, na mwaka 1947 zikachapishwa London katika jarida la The Lancet. Tangu hapo haikuwezekana tena kwa mwenye elimu kusema kuwa maradhi ya Wernicke ni maradhi ya walevi tu.

Wala jambo hili si la zamani, au la mbali na sisi. Katika miaka ya 2009 na 2010 askari wa Umoja wa Afrika waliokuwa wakilinda Mogadishu, wana wa Uganda na Burundi, walianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Waliougua walizidi 240, wanne wakafa, na makumi wengine wakachukuliwa kwa ndege kupelekwa hospitali za Kenya na Uganda, ambako wengi walipata nafuu ya haraka walipopewa tiamini. Ilikuwa ni beriberi ya moyo, ndugu wa tumbo moja na maradhi ya Wernicke, na iliwapata vijana wenye siha waliochaguliwa kwa nguvu zao, kwa sababu chakula chao kilikuwa kingi kwa kipimo cha kujaza tumbo na kichache kwa kipimo cha vitamini. Kadhalika mwanamke mjamzito atapikaye kwa majuma mfululizo, mgonjwa wa saratani ya tumbo, mtu aliyepunguzwa tumbo kwa upasuaji ili akonde, na mfungwa aliyegoma kula, wote wamo katika hatari hiyo hiyo.

Vitabu vya kufundishia udaktari huzitaja dalili tatu: macho kupooza au kuchezacheza, mwendo wa kupepesuka, na fahamu kuchafuka. Tabibu aliyezihifadhi tatu hizo huenda akangoja mpaka azione zote, na huku kungoja ndiko kuliko na hatari. Mwaka 1986 Clive Harper na wenzake wa Perth, Australia, walichunguza habari za watu 131 ambao maiti zao zilionyesha bila ya shaka kuwa walikuwa na maradhi haya: ni takriban mmoja tu katika kila watano aliyekuwa ametambuliwa akiwa hai, na dalili tatu kwa pamoja zilikuwa zimeandikwa kwa asilimia 16 tu yao. Kwa sababu hiyo Diana Caine na wenzake mwaka 1997 walitoa kanuni iliyo pana zaidi kwa mtu mnywaji: zikionekana mbili kati ya nne, yaani lishe duni, kasoro ya macho, kasoro ya mwendo, na kuvurugika kwa akili au kumbukumbu, basi ahesabiwe kuwa mgonjwa na atibiwe.

Tazama jinsi dalili hizo zilivyo, uone ugumu wa hukumu. Mtu anayepepesuka, mwenye macho yasiyotulia na maneno yaliyochanganyika, akiletwa usiku hospitalini na harufu ya pombe ikiwa bado kinywani, kila aliyepo husema amelewa. Humlaza pembeni alale mpaka ulevi umtoke. Ulevi hutoka kwa saa kadhaa. Njaa ya ubongo haitoki. Huendelea usiku kucha ikila vinundu viwili vidogo vilivyo chini ya ubongo, pamoja na sehemu za ndani za thalamasi, ambazo ndizo njia ya kupitisha mambo mapya yaingie katika kumbukumbu. Asubuhi mgonjwa huyo huyo huenda akaamka mtulivu, akaitikia salamu, akaruhusiwa kwenda zake, na hakuna anayejua kuwa amekwisha kupoteza kitu kisichonunulika.

Aliyefikwa na maradhi ya Korsakoff hukumbuka utoto wake, shule yake, kazi yake ya zamani, hata sala na nyimbo alizozijua. Lakini miaka ya karibuni imefutika, na siku za sasa haziandikiki. Daktari akitoka chumbani na kurudi, hupokelewa kama mgeni. Akiulizwa alikuwa wapi jana, mgonjwa hujibu kwa yakini kwamba alikwenda shamba kuvuna, au alikuwa na ndugu yake aliyekufa zamani. Wala hasemi uwongo, kwa kuwa mwongo huijua kweli na kuificha, ilhali huyu kweli imemkimbia, na ubongo wake huuziba uwazi kwa chochote ulichokiokota katika mambo ya kale. Jamaa wasioelewa humwona mdanganyifu, mvivu na mkaidi, wakamgombeza kwa makosa ambayo hana habari nayo. Katika hao wapatwao na hali hii, takriban robo hupata nafuu kubwa, nusu hupata nafuu isiyotimia, na robo iliyobaki hukaa hivyo hivyo maisha yao yote, wakihitaji mlezi.

Maradhi haya yana ndugu zake, ambao yafaa watajwe ingawa kwa ufupi. Mlevi asiyekula huweza kukosa niasini, vitamini B3, akapatwa na pelagra, ambayo huchubua ngozi iliyo juani, huharisha, na kuchafua akili. Na ikiwa ngozi haikuonyesha dalili, akili hiyo iliyochafuka hudhaniwa ni wazimu wa pombe. Huweza pia kukonda ubongo mdogo ulio kisogoni, akawa atembea miguu ikiwa mbali mbali hata miaka mingi baada ya kuacha kunywa. Upungufu wa vitamini B12 na foliki nao huleta ganzi, udhaifu wa uti wa mgongo na usahaulifu. Tabibu mwenye busara hachagui vitamini moja akaziacha nyingine, kwa maana aliyekosa moja kwa ajili ya pombe kwa kawaida amekosa kadha wa kadha. Ila tiamini huja kwanza, kwa sababu yenyewe ndiyo isiyompa mtu muhula.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki mambo mawili yanastahiki kutazamwa kwa makini. La kwanza ni unga. Mahindi yanayosagwa pamoja na kiini na ganda lake, yaani dona, hubaki na sehemu kubwa ya tiamini yake. Sembe nyeupe, inayopendwa mjini kwa weupe na ulaini, imeiacha sehemu kubwa kwenye pumba wanazolishwa ng'ombe na kuku. Mchele mweupe ndiyo hivyo hivyo, na kidogo kinachosalia hupungua zaidi unapooshwa mara nyingi na maji yake kumwagwa. Mtu alaye sembe pamoja na maharage, kunde, choroko, karanga au samaki hana khofu kubwa, kwa kuwa kitoweo humlipa alichokipoteza katika unga. Lakini alaye ugali mtupu na chumvi, au mihogo mitupu, anaishi karibu na ukingo hata kabla ya kuonja pombe.

La pili ni namna ya pombe yenyewe. Pombe za asili zilizo nzito, kama mbege ya ndizi na ulezi, au busaa, hunywewa pamoja na nafaka na chachu yake, na kwa hivyo hubaki na sehemu ya vitamini za jamii ya B. Gongo, chang'aa na waragi hupatikana kwa kukamuliwa kwa moto, na mvuke wa kileo hauchukui vitamini. Zote hubaki chini ya chungu pamoja na machicha. Simsifu anywaye mbege hata akalewa kila siku, kwa kuwa ulevi wake humdhuru ini, nyumba na heshima. Lakini yatupasa tufahamu kwamba mtu anayehama kutoka pombe ya kunywewa kwa mkusanyiko na nyama, akaenda kwenye kileo kikali cha bei ndogo anachokinywa peke yake na tumbo tupu, amebadilisha zaidi ya kinywaji: amebadilisha lishe yake yote, na akiba ya ubongo wake imeanza kuhesabiwa siku.

Tukija katika tiba, jambo la kwanza ni kutongoja. Mgonjwa anayeshukiwa hupewa tiamini kwa njia ya mshipa. Miongozo mingi hutaja miligramu 500 mara tatu kwa siku kwa siku za mwanzo, kwa sababu utumbo wa mlevi hunyonya sehemu ndogo mno ya vidonge, na kumpa vidonge mtu aliye katika hatari ni kumpa matumaini bila ya dawa. Macho huanza kurudi kwa saa au siku chache, mwendo kwa siku au majuma, na akili huja nyuma ya vyote ikiwa itakuja. La pili ni hadhari ya dripu ya glukosi. Katika zahanati nyingi mtu aliyedhoofika hutundikiwa dripu hiyo kama desturi. Lakini sukari iingiayo kwa wingi hutaka tiamini ya kuiunguza, nayo huteketeza mabaki ya mwisho ya akiba, ikaweza kuyaharakisha maradhi yale yale yaliyokusudiwa kuzuiwa. Kwa hiyo tiamini itangulie, au ziende pamoja. Ila ikiwa sukari ya damu imeshuka vibaya, hiyo isicheleweshwe hata kidogo, na tiamini itolewe papo hapo. La tatu ni magnesi na chakula kamili, na baada ya hapo msaada wa kuacha pombe.

Zaidi ya mgonjwa mmoja mmoja yapo mambo ya taifa. Serikali ya Australia, baada ya habari zile za Perth na nyingine mfano wake, iliamuru mwaka 1991 kwamba unga wa mkate utiwe tiamini. Tanzania mwaka 2011, na Kenya mwaka uliofuata, ziliweka sheria za kuongeza virutubisho katika unga wa viwandani, ingawa namna ya virutubisho na vipimo vyake hutofautiana kwa nchi na nchi. Sheria hizo ni njema, na zinastahili kukazwa. Walakini sehemu kubwa ya unga wetu hutoka katika mashine ndogo za kusagia za mitaani na vijijini, ambako hakuna atiaye kitu, na maskini zaidi ndio wanaosaga huko. Kwao ushauri wa dona na kunde una faida kuliko sheria isiyowafikia.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba kumlinda mlevi na matokeo ya ulevi wake ni kumpa ruhusa ya kuendelea, na kwamba khofu ya wazimu ni mlinzi mwema. Hoja hii husemwa na watu waadilifu, wengi wao wakiwa wameumizwa na ulevi wa jamaa zao, nayo inastahiki jibu la heshima. Jibu la kwanza ni kwamba haijaonekana khofu ya maradhi haya ikamzuia mtu kunywa, kwa sababu wanywaji wengi hawayajui kabisa, na anayeyapata huwa hawezi tena kuogopa. Jibu la pili ni kwamba unga ule ule huliwa na mtoto, mzee na mwanamke mwenye mimba, ambao hawakukosa lolote. Jibu la tatu ndilo lenye uzito wote. Kuacha pombe ni kazi ya kumbukumbu: mtu hana budi akumbuke alivyoaibika, akumbuke ahadi aliyompa mkewe, akumbuke nasaha ya imamu au padri, akumbuke leo kuwa jana alishinda na kesho atake kushinda tena. Mtu aliyenyang'anywa uwezo huo hawezi kushika nadhiri hata kwa saa moja, wala hawezi kutubia kosa asilolijua. Anayemnyima tiamini kwa kumtakia toba, basi, ameharibu chombo pekee ambacho toba hufanyiwa kazi.

Kwa hiyo utaratibu ulio sawa ni huu. Mnywaji asiyekula akianza kuona viwili, kupepesuka akiwa hakunywa, au kusahau yaliyopita muda mchache, jamaa zake wampeleke kwa tabibu siku hiyo hiyo wala wasingoje. Wamweleze tabibu ukweli wote, ni siku ngapi hajala na anakunywa nini, maana aibu inayoficha habari hizo hugharimu kuliko aibu ya kuzisema. Tabibu naye amtilie mgonjwa tiamini kwanza, kwa kuwa dawa hiyo madhara yake ni nadra na bei yake ni ndogo, na kukosea kwa kutoa ni kosa dogo, na kukosea kwa kutotoa ni kosa lisilorekebishika. Wenye mamlaka wahakikishe kwamba sindano hiyo haikosekani katika hospitali ya wilaya, ambako mlevi maskini hufikishwa. Na sisi sote, tunapomwona mtu amepotewa na akili yake baada ya miaka ya ulevi, tuulize alikuwa akila nini kabla ya kuuliza alikuwa akinywa nini. Nasaha na lawama zina wakati wake, na wakati huo ni baada ya ubongo kulishwa.